Kamusi Mbili na Akina Nekesa Wafula

Juzi mlinialika chuoni kwenu hapa Kitale niwaeleze namna ya kuunganisha kamusi mbili kwenye kompyuta. Kijana aliyekuwa akiongoza kikao akaninong'oneza kwamba nina dakika chache tu, kwa sababu, alisema, "hiyo ni kitu ya laini moja, Mama." Nilizungumza mpaka muda wa chai ukapita na mkaanza kutazama mlango. Wengine mlinuna. Basi nuneni tena, kwa maana nimeamua kuandika na yale ambayo siku ile sikuyamaliza.

Ni kweli, ni laini moja, mstari mmoja wa amri. Siku hizi hata laini nzima haihitajiki. Mnaandika kamusi ya kwanza, mnachora kijiti kilichosimama wima, mnaandika ya pili, mnaenda kunywa soda. Mimi nilifanya kazi hiyo kati ya Kitale na Bungoma miaka ya elfu mbili na kitu, kabla kijiti hicho hakijazaliwa, na kwa ajili ya laini moja hiyo nusura nifukuzwe kazi. Si kwa kuikosea. Kwa kukataa kuiandika.

Mimi naitwa Nanjala. Nilianza kama mpiga taipu katika zahanati ya shirika moja la misaada, nikichapa kadi za wagonjwa kwa mashine iliyokuwa ikiruka herufi ya r, jambo ambalo kwa sisi watu wa Bungoma, tunaochanganya r na l, halikumshangaza mtu. Kompyuta zilipoletwa, niliambiwa nifunike mashine yangu kwa kitambaa na nijifunze upya. Aliyenifundisha ni Ndiema, mtu wa Mlima Elgon, mrefu, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa jua liwake au mvua inyeshe. Alikuwa na shahada ya hesabu na hakuwa na subira hata kidogo kwa mtu anayesema "nimeelewa" kabla hajaelewa.

Siku aliyonifundisha kamusi hakunifundishia ofisini. Alinipeleka posta, akanisimamisha mbele ya ule ukuta wa visanduku vya barua.

"Namba ya mlango ni nini?" akauliza.

"Ni namba ya sanduku."

"Huo ndio ufunguo. Ndani ya sanduku kuna nini?"

"Barua za mwenyewe."

"Hiyo ndiyo thamani. Kamusi ni ukuta kama huu, bas. Unataja ufunguo, unapewa kilichomo. Na hakuna milango miwili yenye namba moja."

Nikatazama ukuta. Nikamwambia, "Lakini posta ya Bungoma nayo inazo namba hizi hizi. Mkihamisha ukuta wao muulete hapa, itakuwaje?"

Ndiema aligeuka kutoka ukutani, nikadhani nimesema upuuzi. Kisha akasema, "Twende nikununulie chai. Hilo swali nilikuwa nimekuwekea mwezi ujao."

Msidhani yeye hakuwa na vituko vyake. Siku moja alituita makarani wote tuone maajabu. Alikuwa na kamusi mbili za dawa, moja ya stoo ya Kitale na moja ya stoo ya Bungoma, akataka kutuonyesha zinavyoungana. Akaandika kwa madaha: jibu = kitale.update(bungoma). Akaamuru mashine itoe jibu. Kioo kikaandika neno moja: None. Yaani hakuna. Mimi nikamuuliza, "Ndiema, dawa zote za mkoa zimekuwa hakuna?" Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatueleza, na mimi nawaeleza nyinyi ambao bado mnanaswa na mtego huo: update haikuletei kamusi mpya. Inaimimina ya pili ndani ya ya kwanza, halafu inarudi kwako mikono mitupu. Ukitaka ya kwanza ibaki kama ilivyokuwa, toa nakala kabla hujamimina. Na jambo la pili, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya yote: ufunguo ukiwa kote kuwili, thamani ya anayekuja mwisho ndiyo inayobaki. Ya kwanza inafutika. Mashine haipigi kelele. Haikuulizi. Haikuambii hata kwamba kulikuwa na mtu mwingine pale.

Ndiema alipata kazi Eldoret akatuacha. Nikabaki peke yangu na mashine za Kitale, na hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo Bwana Mutiso alipofika.

Nataka niseme ukweli juu ya Mutiso, kwa sababu wengi nikisimulia habari hii huanza kumchukia mapema. Hakuwa mjinga, na hakuwa mtu mbaya. Alitumwa na makao makuu ya Nairobi kusimamia kompyuta za zahanati zetu zote. Aliijua Python, lugha ya programu tuliyoitumia, kuliko mimi, na alikuwa na sababu nzuri. Miaka ile watu wengi walikuwa wameshuka kutoka Mlima Elgon kwa ajili ya vurugu. Mtu anatibiwa zahanati ya Kwanza, upande wetu wa Kitale, mwezi huu, mwezi ujao yuko kwa dada yake Misikhu, upande wa Bungoma, na daktari wa Misikhu hajui lolote juu yake. Mutiso alitaka kamusi moja, ili mgonjwa popote atakapoingia, ataje jina, na habari zake zote zitokee. Jambo jema kabisa. Nililiunga mkono tangu siku ya kwanza.

Shida ilikuwa ufunguo. Sisi Kitale tulikuwa tumeandikisha wagonjwa kwa namba kuanzia moja. Bungoma nao kuanzia moja. Mutiso akaona hilo upesi, akasema basi tuache namba, tutumie jina na tarehe ya kuzaliwa.

Nikamwambia, "Bwana Mutiso, hapa hiyo haitafanya kazi."

"Kwa nini? Kila mtu si ana jina?"

"Ana jina, ndiyo. Ila ni jina la watu wengi."

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua. Kwetu mtoto hupewa jina la majira. Akizaliwa wakati wa mvua ni Wafula, au Nafula akiwa msichana. Wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Mimi Nanjala nilizaliwa wakati wa njaa, na darasani kwetu shule ya msingi tulikuwa akina Nanjala benchi nzima. Na tarehe ya kuzaliwa je? Mama zetu wengi hawakuwa na cheti. Karani alipouliza, mama akasema, "Nilizaliwa wakati wa nzige," karani akakadiria mwaka, na kwa siku na mwezi akajaza Januari mosi. Ukiangalia kamusi zetu ungedhani wazee wa wilaya nzima walizaliwa mwaka mpya.

Mutiso alinisikiliza, akaandika kitu, akasema, "Hao watakuwa wachache. Tujaribu kwanza."

Tukajaribu juu ya nakala. Akamimina Bungoma ndani ya Kitale. Idadi ya wagonjwa ilitoka ndogo kuliko jumla ya zile mbili, tena kwa tofauti kubwa, na pale ofisini watu wakapiga makofi. Waliona tumeondoa watu walioandikwa mara mbili. Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa najiuliza, hao waliopungua ni akina nani?

Kwa hiyo kesho yake asubuhi nilifanya kile ambacho nawasihi mfanye kabla ya kumimina kamusi yoyote maishani mwenu. Niliandika kitanzi kifupi cha programu kinachopita kwenye kila ufunguo wa Bungoma na kuuliza: huyu yuko Kitale pia? Kama yuko, je, thamani zake zinalingana? Kama hazilingani, zitoe zote mbili nizione kwa macho yangu. Mashine ilianza kutoa majina na haikutaka kunyamaza. Nikayasoma. Na katika kuyasoma nikamfikia Nekesa Wafula.

Kwenye kamusi ya Kitale, Nekesa Wafula alikuwa na maelezo haya: asichomwe penisilini, alichomwa mara moja akazimia, karibu afe. Kwenye kamusi ya Bungoma, Nekesa Wafula alikuwa amevunjika mkono, na mahali pa dawa zinazomkataa pameandikwa: hakuna. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa moja, Januari mosi, mwaka uleule wa kukadiria. Kwenye ile kamusi mpya iliyopigiwa makofi, penisilini ilikuwa imetoweka.

Nikapiga simu Misikhu, kwa karani mmoja anaitwa Wamalwa.

"Wamalwa, huyo Nekesa Wafula wenu ni nani?"

"Huyo ni mama anauza nyanya hapa sokoni. Arianguka na baiskeri, mkono ikavunjika. Kwani amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Aliwahi kuishi Kwanza?"

"Kwanza? Huyo hata Webuye hapa karibu haendi, bana."

Nikapiga Kwanza kwa Sista Chelagat, muuguzi mkuu wa zahanati ile. Aliposikia jina hakuningojea nimalize. "Nekesa wa penisilini? Mimi ndiye nilimshika mkono siku hiyo. Mdomo wake ulikuwa umevimba hata hawezi kusema. Kwa nini unauliza, Nanjala?"

Watu wawili, ufunguo mmoja.

Nilipanda gari kwenda Bungoma kwenye mkutano wa Ijumaa nikiwa na majina yangu. Mutiso aliyapitia, nikaona uso wake ukibadilika. Alielewa, nawaambia. Lakini wageni wa shirika kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja Jumatatu kuona kamusi moja ikifanya kazi, na Nairobi walikuwa wameshawaahidi.

"Madam Nanjala," akasema, "tutaizindua Jumatatu ilivyo. Hayo makosa tutarekebisha baadaye."

"Baadaye ya nani? Ya kwako au ya Nekesa?"

Mutiso akanirudishia yale majina. Akasema, "Nakuomba leo umimine ya Bungoma ndani ya kamusi halisi ya Kitale, kisha ufute nakala ya zamani, watu wasije wakachanganyikiwa."

"Sitaimimina."

"Hiyo si ombi sasa."

"Nimesikia. Sitaimimina, na sitaifuta. Kuna watu wazima na watoto mle ndani, na mimi ndiye niliyewaandika."

"Basi nitaimimina mwenyewe," akasema. Hakupandisha sauti. "Na wewe rudi Kitale, usiguse mfumo mpaka nikuite."

"Imimine. Lakini jua nimetoa nakala za kamusi zote mbili kwenye sidii, nimezifungia kwenye kabati la dawa hatari kule Kwanza. Funguo ni za Sista Chelagat. Nakuambia mbele ya watu wote ili asiwepo wa kusema niliiba."

Mwenzangu mmoja wa Bungoma alinivuta mkono wakati wa kutoka. "Nanjala, si uombe tu msamaha? Una watoto shule." Nilikuwa nao, kweli, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nawafikiria wao. Nilikuwa na hofu. Mtu asiwadanganye kwamba ukikataa jambo moyo unakuwa mwepesi. Wangu ulikuwa kama gunia la mahindi mabichi.

Jumamosi nikaenda Kwanza. Sista Chelagat alinipeleka mpaka kwa Nekesa, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Tulimkuta anapukuchua mahindi na mabinti zake. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikaona hakieleweki, nikamweleza kwa Kibukusu. Nikamwambia, mama, kuna daftari kubwa la mashine, na humo wamekuchanganya na mwenzako wa Misikhu anayeuza nyanya, na lile neno la sindano limepotea.

Mwanzoni alicheka. "Ati mimi na muuza nyanya tumekuwa mtu moja? Basi aje anisaidie kupukuchua."

Kisha akaacha kucheka. Akafuta mikono kwenye leso.

"Ile neno nilisema kwa mdomo yangu," akasema. "Nilipoamka nilimwambia Sista aandike, na nikangoja aandike ndio nikatoka kwa kitanda. Nani amewaambia wafute?"

"Hakuna aliyewaambia. Mashine imefuta yenyewe, na wakubwa wanasema watarekebisha baadaye."

"Huyo mkubwa anaitwa nani? Anakaa wapi?"

Nilimwambia. Sikumtuma, na sikumkataza. Mambo yalikuwa yake kuliko yalivyokuwa yangu.

Jumatatu ukumbi wa zahanati ya Bungoma ulipambwa maua. Wageni walikaa mbele. Mimi nilikuwa nimeambiwa nirudi Kitale, kwa hiyo nilikuja Bungoma. Nilikaa nyuma kabisa. Mutiso alikuwa amevaa tai, ameunganisha kompyuta na ile mashine ya kutupa picha ukutani, na alieleza kazi yake vizuri sana. Mwishoni akasema mgonjwa yeyote aliyeko ukumbini anaweza kutaja jina lake na kuona maajabu.

Nekesa alikuwa amesimama kabla hajamaliza sentensi. Alivaa nguo ya kanisa, na Sista Chelagat alikuwa kando yake.

"Mimi ni Nekesa Wafula. Nimetoka Kwanza. Angalia dawa yenye inanikataa."

Mutiso alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Angeweza kusema mtambo umeharibika. Umeme wetu ulikuwa unapotea kila mara, hakuna ambaye angemshuku. Aliandika jina. Ukutani kukatokea: Nekesa Wafula, mkono umevunjika, dawa zinazomkataa: hakuna.

Nekesa akainua mikono yote miwili juu, akaigeuza huku na huku ili watu waione.

"Ni mkono gani umevunjika?" akauliza. "Na kama saa hii nitaanguka hapa, huyu daktari atanidunga nini?"

Mgeni mmoja akaomba atafsiriwe. Daktari wa Bungoma, ambaye hakuwa na habari ya mabishano yetu, alimtafsiria polepole mpaka mwisho. Akamgeukia Mutiso. "Mimi leo asubuhi nimetibu watu kwa hiyo mashine," akasema.

Mutiso aliizima. Pale mbele ya wote akaizima, akasema, "Tumekosea. Warudishiwe kamusi za zamani leo hii." Kisha akaja nyuma nilipokaa. "Hizo sidii," akasema.

"Zimo kwenye mkoba wa Sista Chelagat."

"Itachukua muda gani kuifanya vile unataka wewe?"

"Mpaka watu waulizwe."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Ufunguo ukawa wa vipande viwili, mji na namba ya zamani, ili namba ya Kitale isigongane na ya Bungoma. Hakuna aliyefutwa. Pale mashine iliposhuku kwamba watu wawili huenda ni mmoja, haikuruhusiwa kuamua. Ilitoa majina, na karani alimwuliza mgonjwa mwenyewe: mama yako anaitwa nani, ulizaliwa kijiji gani, una kovu wapi? Tuliwapata Lusweti walioandikwa Rusweti, ambao kweli walikuwa mtu mmoja, tukawaunganisha. Na mtu akiwa mmoja, hatukuchukua thamani ya mwisho na kutupa ya kwanza. Dawa zinazomkataa zilijumlishwa zote, za huku na za huku. Mvua ndefu zilianza tukiwa katikati ya kazi na zikaisha hatujamaliza. Nairobi walilalamika. Niliwaacha walalamike. Mutiso aliketi nasi kwenye zahanati za Misikhu na Kachibora akiandika vitanzi, kola imefunguliwa, na nadiriki kusema alikuwa mwandishi bora wa programu kuliko wote niliofanya nao kazi.

Kwa hiyo ilinichoma zaidi alipoletewa ripoti ya makao makuu aniletee nitie sahihi. Ripoti ilisema mfumo ulipata "hitilafu ndogo ya kiufundi" ambayo ilirekebishwa na ofisi. Nikaisoma mara mbili. Nikachukua kalamu, nikakata neno ndogo.

"Madam," akasema Mutiso kwa upole, "ukikata hilo neno watakuhamisha. Mimi sitaweza kuwazuia."

"Najua."

"Ni neno moja tu."

"Hata penisilini ilikuwa neno moja."

Nikakata na neno kiufundi. Kisha mahali paliposema ofisi nikaandika: Nekesa Wafula, mkulima, Kwanza. Nikatia sahihi chini yake. Mutiso aliitazama ile karatasi, akanyoosha mkono akaomba kalamu. Nilidhani anataka kuyafuta. Akatia sahihi yake kando ya yangu.

Barua ya uhamisho ilikuja, ya kwangu ya kwenda Kachibora, chumba kimoja chenye kompyuta moja na dirisha lisilofunga. Ya Mutiso ilimrudisha Nairobi kwenye cheo cha chini. Mwenzangu aliyenishauri niombe msamaha alikuja kunisaidia kufunga vitu, akaniambia nitoke kwa mlango wa nyuma, kwa sababu wakubwa walikuwa mbele wakinywa chai.

Nikabeba kompyuta yangu kifuani, nikapita katikati yao, nikawasalimia mmoja mmoja.